Mkono Usio na Mwenzake

Jumanne, tarehe 14 Aprili, mwaka 2082. Mvua ya masika ilikuwa imenyesha siku ya nne mfululizo juu ya milima ya Itolelo, na asubuhi hiyo ukungu ulikuwa mzito hata Dakta Subilaga Mwalwisi, akichungulia dirishani, hakuuona mgomba uliokuwa hatua sita tu kutoka ukutani. Baridi ilimwingia mpaka kwenye vifundo vya vidole, vile vidole ambavyo kwa miaka thelathini na moja vilipasua na kushona watu wa milima hiyo, na ambavyo sasa havikuweza hata kufunga kifungo cha sweta.

Alikuwa amekwisha kusali. Chai yake ilipoa mezani bila kuguswa. Mbele yake skrini ilionyesha chumba cha kioo cha zahanati ya Kyandete, na ndani yake mikono miwili ya chuma iliyovikwa mpira laini ilikuwa ikimpasua kijana aitwaye Lugano Mwasulama. Ilikuwa filamu. Lugano alikuwa amezikwa wiki saba zilizopita.

Watu waliuita Mkono wa Mama Dakta, ingawa ilikuwa miwili, na ingawa ilikuwamo katika zahanati arobaini. Vidole vya Subilaga vilipoanza kukakamaa, Wakala wa Mikono ulimletea glovu za kumbukumbu, nyembamba kama ganda la kitunguu, naye akazivaa katika kila upasuaji kwa miaka tisa. Glovu zile zilishika kila kitu: alivyogeuza kiganja, alipobonyeza, alipoharakisha na aliposita. Kutokana na hayo ikafumwa mikono isiyozeeka wala kulala. Alipoulizwa ipelekwe wapi, alizikataa hospitali za mijini, akataja vijiji kimoja kimoja, maana alivijua. Huku mwanamke alibebwa kwa machela siku mbili akafia njiani. Kule mtoto alikufa kwa kidole tumbo kilichopasuka, na baba yake akaja kumwuliza kama kweli hapakuwa na la kufanya. Sasa ni miaka minne tangu Mikono ianze kazi, na vifo vya namna hiyo vilipungua hata watoto wengi wa kike wa milimani walikuwa wakiitwa Subilaga.

Kila juma aliletewa majina ya waliofia mezani, akayaombea. Filamu zao hakuwahi kuzitazama. Alijiambia kwamba ni heshima kwa marehemu. Ukweli ni kwamba aliogopa kuiona mikono yake mwenyewe ikiua.

Lakini jana yake alipokea barua kutoka kwa Mzee Mwasulama, mwenyekiti wa kijiji cha Kyandete. Iliandikwa kwa kalamu, kwa mwandiko wa mtu aliyechukua muda. "Mama Dakta, mwanangu alianguka kwenye pikipiki, akaingia zahanati kwa miguu yake. Sisi tulizuiwa mlangoni. Naomba uniambie kilichotokea mle ndani." Barua ya namna ile haijibiwi kwa kubahatisha.

Kwa hiyo alitazama. Mkono ulifungua tumbo vizuri, na Subilaga aliutambua mzunguko wa kifundo chake kama mtu anavyoitambua sauti yake. Ukaifikia bandama iliyopasuka. Damu ikabubujika. Hapo mikono yote miwili ikainuka mpaka usawa wa kifua cha mtu ambaye hakuwapo, ikatulia tuli hewani. Damu ikajaa. Mikono ikabaki pale. Kisha ikashuka, ikaanza kufanya kazi ndani ya dimbwi kana kwamba jeraha ni kavu, ikipapasa, ikibana visivyohitaji kubanwa. Damu ikabubujika tena, na mikono ikainuka tena. Mara nne. Ya nne Lugano hakuimaliza.

Alitafuta filamu nyingine ya mtu aliyekufa kwa kutokwa na damu, kisha nyingine. Walikuwa kumi na mmoja kwa miaka minne, kila mmoja katika zahanati yake, ndiyo maana hakuna aliyewaweka pamoja. Katika zote mikono iliinuka na kutulia, na katika zote saa ya pembeni ilihesabu sekunde kumi na tisa.

Alitamani iwe hitilafu ya umeme. Aliomba iwe hivyo. Na midomo yake ilipoanza ile sala fupi aliyoizoea, ile ya miaka yote, aliianza mikono ilipoinuka kwenye skrini, na aliposema amina, mikono ikashuka.

Akaisema tena, akitazama saa. Kumi na tisa.

"Hodi humu. Umekufa au umelala?"

Alikuwa Sista Anyosisye Kaisi, na chupa ya maziwa chini ya mwavuli. Alikuwa nesi wa chumba cha upasuaji pamoja na Subilaga kwa miaka ishirini na sita, na baada ya kustaafu wote wawili hakukosa kumletea maziwa, wala maneno.

"Karibu, Anyo. Keti."

"Sikai, nina majani ya chai yanayooza shambani." Kisha akamwona usoni, akaketi. "Nani amefariki?"

"Nikuulize jambo. Nilipokuwa nikisimama kuomba, wakati jeraha limefumuka damu. Damu ilikuwa ikifanya nini?"

Anyosisye akacheka. "Damu ilikuwa inaningoja mimi. Wewe ulikuwa unazungumza na Mungu, na mimi nilikuwa na vidole ndani ya tumbo la mtu."

"Kila mara?"

"Kwani ulidhani ni malaika?"

Subilaga hakucheka. Akamwonyesha filamu. Anyosisye aliitazama mikono ile iliyosimama hewani, na kidogo kidogo mkono wake mwenyewe ukanyooka kuelekea skrini, vidole viwili mbele, kama mtu anayetaka kuziba tundu la paa lenye kuvuja.

"Mbona hakuna anayebana?" akauliza.

"Glovu nilivaa mimi peke yangu."

Subilaga aliikumbuka waziwazi siku alipoletewa glovu. Fundi wa Wakala, akiwa na daftari lake, alimwuliza kama kuna mtu mwingine anayegusa jeraha wakati wa upasuaji. Naye, bila hata kufikiri, akajibu, "Ni mimi tu." Haukuwa uongo aliouandaa. Alikuwa amekwisha kuacha kuuona ule mkono mwingine, kama mtu asivyoiona pua yake.

"Siku ile ulikuwapo," alisema.

"Nilikuwa kwenye sinki, naosha mikasi. Nilisikia."

"Mbona hukusema?"

Anyosisye aliigeuzageuza chupa ya maziwa mezani. "Dakta ameshajibu. Nesi angeulizwa na nani?"

*

Mhandisi Shekiondo, aliyesimamia Mikono kutoka makao ya Wakala, alipokea simu akiwa anatafuna. Alimsikiliza Subilaga mpaka mwisho, na kutafuna kukakoma.

"Mama, kile kipande hatuwezi kukiondoa," alisema. "Mkono si orodha ya maagizo kwamba utafuta mstari mmoja. Ni kama mkeka. Ukichomoa ukindu wa katikati, utabaki na nini? Kila unachokifanya baada ya kusimama, unakifanya ukiamini jeraha limeshakauka."

"Tunaweza kurekodi upya? Na mtu wa kubana?"

"Miaka. Na mikono ya nani? Yako haifanyi kazi tena, samahani."

"Naweza kuifunga?"

Akasita. "Sheria inakuruhusu, mwenye mikono ni wewe. Ukisema neno, Mikono ya zahanati zote arobaini itafungwa ndani ya dakika moja. Kuifungua tena ni vikao vya mwaka mzima. Unajua kwa juma wanapasuliwa wangapi?"

Alijua. Wengi wao hawakutokwa na damu ya kutisha, na wakarudi nyumbani wazima. Akifunga, wangekufa wengi kuliko kumi na mmoja kabla ya maembe kuiva. Asipofunga, angejua. Kila asubuhi angeamka akijua kwamba mahali fulani katika vijiji arobaini damu itabubujika, na mikono yake itainuka na kuiacha imwagike. Aliiogopa hukumu ya Mungu. Tena, na hili lilimtia aibu, aliwaogopa watu, wale wanaompa mkono barabarani na kumwambia mwanangu anaitwa kama wewe.

"Leo kuna wangapi?"

"Sita. Watano wanaweza kungoja, nitawasogeza sasa hivi. Wa sita yuko Kyandete." Sauti yake ilipungua. "Mkunga wa pale amenipigia mara tatu. Ndege ya wagonjwa hairuki kwenye ukungu huu, na daraja limekwenda na maji jana. Mama, huyo wa sita anatokwa na damu."

*

Picha ya Kyandete ilipokuja, kitu cha kwanza alichokiona Subilaga ni mzee aliyeketi sakafuni, miguu ameinyoosha, mgongo ameuegemeza kwenye mlango wa chumba cha kioo. Kofia yake ya sufu ilikuwa inachuruzika maji. Nyuma yake, ndani, Mkono ulining'inia ukiwa umekunjwa, ukingoja. Watu kama ishirini walikuwa wamejibanza barazani wakikimbia mvua, nyuso zao zimeelekea ndani.

"Shikamoo, Mama Dakta." Huyu alikuwa Tusajigwe, mkunga wa zahanati, mwanamke wa miaka thelathini aliyefunga kitambaa cheupe kichwani. Alikuwa anahema. "Ni Ikupa. Mimba ya miezi minane na nusu. Kondo la nyuma limetangulia mbele, chini kabisa, limeziba njia ya mtoto. Nimebadilisha kanga tatu tangu alfajiri."

"Marahaba, mwanangu. Mapigo?"

"Mia moja thelathini, na yanapanda. Na mzee hataki apite."

"Ikupa ni nani wake?"

Tusajigwe aliinamisha macho. "Mkamwana wake. Mjane wa Lugano."

Mzee Mwasulama alisema bila kugeuka, "Ulipata barua yangu?"

"Niliipata, baba."

"Basi unajua kwa nini nimekaa hapa. Chumba hiki kilimchukua mwanangu. Huyu ana mtoto wake tumboni. Sitoki."

Nyuma yao, kwenye kitanda cha magurudumu, msichana aliyefunikwa blanketi la kijivu alikuwa akitazama dari. Blanketi lilikuwa limelowa katikati.

Subilaga aliona njia mbili, na moja ilikuwa nyepesi sana. Kwa kondo lililokaa pale, damu ingebubujika tu, na Mkono ungesimama tu. Ilihitajika mtu aingie ndani abane. Angeweza kusema Mkono wa Kyandete una hitilafu ndogo kwa sababu ya baridi, leo unahitaji msaidizi. Mzee angepisha. Msaidizi angeingia. Huenda Ikupa angepona, na hakuna ambaye angelijua jina halisi la kilichomwua Lugano. Maneno yale yalikuwa tayari kinywani. Alifungua mdomo.

Anyosisye alikuwa akimtazama. Hakusema kitu. Alikuwa amenyamaza hivyohivyo siku ile kwenye sinki.

"Tusajigwe," Subilaga alisema, "fungua kipaza sauti cha barazani. Nataka wote wasikie."

Akawaambia. Hakupamba. Aliwaambia juu ya sala, na sekunde kumi na tisa, na nesi aliyekuwa akibana, na swali la fundi, na alichojibu.

"Rudia hapo pa kuomba," alisema Mzee Mwasulama.

"Nilikuwa nikisimama kuomba. Mkono ukajifunza kusimama."

"Kwa hiyo chuma kilikuwa kinaomba."

"Kilikuwa kinangoja tu, baba. Hakijui kuomba."

"Na mwanangu anatokwa na damu."

"Ndiyo."

Mzee aliivua kofia, akaikamua maji, akaivaa tena. "Unaniambia haya, halafu unataka nipishe."

"Nataka mtu aingie naye. Abane pale Mkono unaposimama. Lakini Mkono hautamjua kama yuko. Utarudi na kisu mahali vidole vyake vilipo. Sina namna ya kuuzuia."

Tusajigwe aliviangalia vidole vyake. Hapakuwa na mtu mwingine pale aliyewahi kuigusa damu ya ndani ya mtu.

"Baba." Sauti ilitoka kitandani, dhaifu, lakini kila mtu aliisikia. "Anayetoka damu ni mimi. Hata mtu mmoja hajaniuliza."

Mzee akageuka.

"Tusa, mtoto bado anacheza?" Ikupa aliuliza.

"Anacheza. Kidogo."

"Mimi nikibaki hapa barazani nitakufa mbele yenu nyote, mtanililia vizuri. Nikiingia, sijui. Basi niingizeni." Akapumua. "Kama Tusa atakubali. Yeye ndiye mwenye vidole."

"Ninavyo kumi," alisema Tusajigwe, "na vyote nina kazi navyo." Alijaribu kutabasamu, midomo ikamkatalia. Akamtazama Subilaga kwenye skrini. "Ungekuwa wewe hapa, Mama, ungeingia?"

"Ningeingia. Lakini ni rahisi kusema hivyo nikiwa nimekaa kwangu. Ukikataa sitakulaumu, na nitasema hivyo mbele ya yeyote."

Tusajigwe akaenda kwenye sinki, akaanza kusugua mikono kwa sabuni mpaka viwiko.

Shekiondo, aliyekuwa bado kwenye simu, alikohoa. "Lile jicho la kamera juu ya mlango likiona mwili wa pili ndani, Mkono unajifunga mpaka kesho yake. Kitambaa kizito kinatosha kulifumba." Akatulia. "Wakiniuliza, simu yangu ilikatika zamani, mama. Kuna mvua."

Mzee Mwasulama aliinuka kwa kushika ukuta. Alivua koti lake, akapanda kwenye kiti, akalitundika mwenyewe juu ya lile jicho.

*

"Mwanangu, mimi naitwa Anyosisye," alisema nesi mzee, akiivuta skrini kwake. "Mwenye kubana nilikuwa mimi. Nisikilize mimi, Dakta mwache kwanza. Simama kushoto kwa mgonjwa. Kiwiko kikae kwenye mbavu zako, kisitoke. Mtoto akishatolewa, damu itakuja toka kona ya jeraha, chini. Mkono ukiinuka, ingiza vidole viwili, dole gumba nje, bana kona ile kama unamshika mwizi sikio. Usichungulie. Vidole vitapata vyenyewe."

"Nitajuaje unarudi?"

"Mimi nilikuwa naangalia mabega yake. Yakishuka, natoa vidole."

Tusajigwe aliutazama Mkono uliokuwa ukijikunjua juu ya Ikupa. Haukuwa na mabega.

Subilaga alielewa kabla Anyosisye hajamgeukia. Ile sala hakuwahi kuitamka kwa sauti maishani mwake. Ilikuwa kati yake na Mungu. Sasa ilibidi awe saa ya mtu mwingine, bila kuharakisha wala kuchelewa.

"Nitaisema," alisema. "Nikisema amina, toa."

Mkono ulimchoma Ikupa ganzi ya mgongoni, ukafanya kazi yake. Ulikuwa mwepesi na mpole, na Subilaga aliuogopa kwa sababu hiyo. Mtoto alitoka wa kike, ameloa, akalia kama paka aliyekanyagwa. Barazani mtu mmoja alisema jina la Bwana kwa sauti ya chini.

Damu ikaja. Mkono ukainuka.

"Bana," alisema Anyosisye.

"Bwana uliyemfinyanga mtu huyu tumboni mwa mama yake," alianza Subilaga, "mkono huu ni wako na damu hii ni yako. Usiniache nikate nisipopaswa kukata. Unionyeshe mahali panapovuja, unipe utulivu, nawe ukae pamoja nasi hapa mezani. Amina."

Tusajigwe akatoa vidole. Kisu kikapita pale vilipokuwa. Jeraha lilikuwa kavu, na kwa mara ya kwanza katika miaka minne Mkono ulikuta kile ulichofundishwa kukikuta. Ukashona mishono mitano, sita.

Damu ikabubujika upande wa pili. Mkono ukainuka tena.

"Bwana uliyemfinyanga mtu huyu..." Subilaga alimwona Ikupa usoni, midomo imekuwa rangi ya majivu. Neno moja lilikwama. Akalilazimisha, akaendelea, lakini alijua amepoteza muda. Mkono ulishuka akiwa bado kwenye "mezani".

Tusajigwe hakupiga kelele. Alivuta pumzi tu, ndefu, ya kuingia ndani. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimekatika ncha, na damu yake ikachanganyika na ya Ikupa.

"Toka, mwanangu," alisema Subilaga. "Toka sasa, inatosha."

"Bado kunavuja." Aliivuta shashi kwa mkono mwingine, akakizungushia kidole, akavaa glovu nyingine juu yake kwa meno. "Semeni vizuri tu huko."

Subilaga aligundua kwamba hawezi. Ulimi ulikuwa mzito kama jiwe. Woga ulikuwa umemjaa mpaka kwenye masikio, na Mkono ulikuwa unamaliza fundo, na damu ilikuwa inapanda. Hapo ndipo Anyosisye alipoanza, kwa sauti kavu ya mtu anayehesabu mikasi, "Bwana uliyemfinyanga mtu huyu," na Subilaga akaweza kumfuata. Neno la tatu, la nne, wakasikia sauti nyingine. Watu wa barazani walikuwa wameisikia mara mbili, na sasa walikuwa wanaisema pamoja nao, mwendo uleule, watu ishirini kwa pumzi moja, na Mzee Mwasulama katikati yao, macho ameyafumba, akilitamka kila neno kama mtu anayekanyaga mawe ya mtoni. Amina yao ilitoka pamoja. Tusajigwe akatoa vidole. Mkono ukashuka, ukapata pakavu.

Ukainuka mara mbili zaidi. Mara zote mbili wakaisema.

*

Saa tano mapigo ya Ikupa yalikuwa yameshuka mpaka mia moja na nne. Alikuwa amelala, mtoto kifuani. Tusajigwe alikaa kwenye benchi, mkono umefungwa bandeji nene, ameshika kikombe cha chai ambacho hakukinywa. Ukungu haukuinuka.

Mzee Mwasulama alivuta kiti mbele ya skrini. Watu wakasogea nyuma yake.

"Sikusamehe leo," alisema.

"Sikuombi leo, baba."

"Vizuri. Lakini zipo zahanati nyingine, na huko hawakusikia haya. Kesho utaamka, Wakala watakupigia, watakwambia nyamaza mpaka wakae kikao. Utaogopa. Hata sasa unaogopa, nakuona." Aliinua mkono kuwaonyesha waliokuwa nyuma yake. "Nataka neno, na si la barua. Liseme hawa wakisikia."

Subilaga alisimama, ingawa wao wangemwona kifua na uso tu. Anyosisye naye akasimama kando yake. Alikuwa anaogopa kweli. Aliwaona wale wengine kumi, majina yao, milango yao, mama zao wakimfungulia. Aliviweka vidole vyake vilivyokakamaa juu ya meza, mahali walipoweza kuviona.

"Mimi Subilaga, binti Mwalwisi, nasema mbele ya Mungu na mbele yenu watu wa Kyandete, na Anyosisye Kaisi akiwa shahidi. Kuanzia saa hii Mkono wangu hautampasua mtu bila mtu hai pembeni yake, aliyeambiwa hatari yote na kukubali kwa hiari yake. Pale asipopatikana, nitaufunga, hata mkinilaani kwa kuufunga. Jumapili nitakuja Kyandete, kwa miguu kama daraja halijasimama, nisimame kaburini kwa Lugano nitaje kilichomwua. Kisha nitakwenda katika nyumba zile kumi, nyumba kwa nyumba, nikiseme hivyohivyo mlangoni kwao. Nisipofika Jumapili, ninyi nyote njooni hapa kwangu, mnichukue."